Kazi imekwisha, pesa haitoki: ukarabati wa nyumba za mawe Lamu

Mwenye nyumba asiyetaka kulipa ni nadra kusema waziwazi kuwa halipi. Atasema, "Njoo Jumatatu." Jumatatu simu inaita, haishikwi. Jumatano inaingia picha ya ukuta: hapa pana ufa, pale rangi imevimba, na zidaka (vishubaka vya ukutani) za kushoto hazilingani na za kulia. Fundi akiiona picha hiyo damu inamchemka. Pengine ni kisingizio kweli. Pengine mtu ana wasiwasi wa haki juu ya ukuta wake, na pengine hana kitu mfukoni na anaona haya kusema. Kila ugonjwa una dawa yake, na ukimnywesha mwenye wasiwasi dawa ya mdhalimu, wewe ndiye utakayemfanya mdhalimu.

Njia ya kuwatambua ni kuwauliza swali la hesabu. "Mzee wangu, tukikiweka kando hicho choo tunachobishania, hesabu ya plasta tunakubaliana?" Mwenye wasiwasi atajibu kwa kutaja vitu: kile sawa, hiki bado. Asiye na pesa atajibu kwa tarehe: mwisho wa mwezi, mgeni akifika, kiwanja kikiuzwa. Asiyekusudia kulipa huja na lawama mpya kila ukirekebisha ya zamani. Leo ufa, kesho rangi, keshokutwa punda wako walichafua daka, ukumbi wa mlangoni. Mrekebishie mara mbili, kila mara iandikwe ulichorekebisha na tarehe. Ya tatu ikija nyingine kabisa, umekwisha mjua.

Lakini ugomvi mwingi tunaouona mwishoni ulizaliwa siku ya kwanza, tena kwa sababu ambazo fundi aliyezoea kuta za bloku za Malindi hazimjii akilini. Ya kwanza ni unene wa plasta. Ukuta wa mawe ya matumbawe haukunyooka. Vuta uzi wa mwashi kutoka pembe hadi pembe, kisha upime kwa rula nafasi iliyopo kati ya uzi na ukuta, mahali tisa: juu, katikati na chini, kushoto, kati na kulia. Utakuta hapa milimita 10, pale 30, kwenye bonde 50. Aliyepiga hesabu ya milimita 12, kama ukuta wa bloku, amepanga mita 1.2 za ujazo za mchanganyiko kwa kila mita 100 za mraba. Wastani ukitoka milimita 25, ukuta unakula 2.5. Kwa chokaa na mchanga, moja kwa tatu, hizo ni kama mita 2.5 za ujazo za mchanga na 0.8 za chokaa iliyorowekwa. Vifaa vimezidi maradufu na machoni mwa mwenyewe ukuta ni ule ule. Na siku za kazi nazo zimeongezeka, kwa sababu chokaa haitaki kupigwa nene kwa mara moja: koti moja lisizidi milimita 12, lingoje likaze, ndipo lije jingine. Fundi anayefuata haraka ya mwenye nyumba akalipiga koti la milimita 25 siku moja, ndiye atakayetumiwa picha ya ufa.

Basi bei iandikwe pamoja na unene: "bei hii ni ya wastani wa milimita 20, kila milimita 5 zinazozidi zina nyongeza yake kwa mita ya mraba." Zile namba tisa za kila ukuta ziandikwe kwenye daftari mbele ya mwenyewe. Ukimwonyesha uzi na rula kabla ya kazi, anaelewa. Ukimweleza baada ya kazi, anasikia udhuru.

Zidaka nazo hula watu pesa kimyakimya. Chukua kidaka chenye upana wa sentimita 40, kimo cha 50 na kina cha 20. Uso wa nyuma umekwisha hesabiwa ndani ya ukuta. Lakini mbavu mbili ni mita 0.2 za mraba, na juu na chini ni 0.16. Jumla 0.36, tena kazi ya vidole, pembe zote zikiwa kali. Ukuta wenye zidaka 20 umekuficha mita 7.2 za mraba. Hesabu kila kidaka kwa bei yake, usikitie ndani ya mita za ukuta.

Halafu kuna usafiri. Mwenye nyumba anayeishi Nairobi au ng'ambo hupiga simu duka la vifaa, akaambiwa bei ya mfuko wa simenti wa kilo 50, kisha akaona bei yako, akasema anaibiwa. Hakuona kuwa mfuko ule umeteremshwa lorini Mokowe, gati ya upande wa bara, ukapakiwa botini, ukapakuliwa gatini, ukapanda mgongo wa punda hadi mtaa wa Mkomani kwenye kichochoro kisichopitisha hata bero (toroli) mbili. Mfuko wa kwenda kijiji cha Shela umeongeza safari nyingine. Usiifiche gharama hiyo ndani ya bei ya simenti. Iandikwe peke yake: boti, wapakuzi, punda na idadi ya safari, na kila siku ya kuteremsha, msimamizi wa nyumba atie sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na safari za punda ndizo zinazopotea upesi kuliko kitu chochote.

Ila jambo linalovunja mapatano mengi kuliko yote ni chumvi. Ukuta wa zamani ulio karibu na bahari umejaa chumvi, na unyevu unaopanda kutoka chini huibeba hadi juu ya uso. Maji yakikauka, chumvi huganda kuwa chembe, na chembe hizo husukuma plasta kutoka ndani. Plasta ya chokaa inapumua. Unga mweupe hutoka nje, unapanguswa kwa brashi kavu, ukuta unaishi. Ukiusugua kwa maji unairudisha chumvi ndani. Plasta ya simenti imeziba: unyevu hukosa njia, hupanda juu zaidi, na baada ya masika plasta inavuliwa vipande kama ganda la embe. Mchanga ukiwa wa ufukweni, haukuoshwa, umeongeza chumvi yako mwenyewe juu ya ile ya ukuta, na hapo kosa ni lako kweli.

Kwa hiyo kabla nyundo haijagusa ukuta, pangusa kwa kiganja na uangalie kama unga mweupe unabaki mkononi. Pima unyevu umepanda hadi wapi, weka rula ukutani, piga picha yenye tarehe. Kisha andika sentensi tatu: ukuta huu una chumvi hadi mita moja kutoka chini, plasta ya simenti hapa haitadumu, mwenye nyumba ameelezwa naye amechagua chokaa, au simenti. Akichagua simenti kwa sababu inakauka upesi na wageni wake wanakuja Desemba, ni haki yake, mradi sahihi yake iko chini ya maneno hayo. Bila karatasi hiyo, chumvi ya miaka mia mbili itakuwa kosa la fundi wa mwaka huu.

Wengine wataona karatasi ni dharau. "Sisi si ni Waislamu, mbona waandikiana kama hatuaminiani?" Jibu liko ndani ya dini hiyo hiyo: aya ya 282 ya Suratul Baqara inaamrisha deni la muda liandikwe, na mashahidi wawili waitwe. Kwa mteja mgeni, kama Wataliano wengi wenye nyumba Malindi, hakuna shida ya kuandikiana; shida ni lugha. Andikeni kwa lugha zote mbili, na namba ziwe zile zile pande zote.

Ndani ya mapatano mseme pia nani anashika kibali. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na mtu hapanui dirisha wala kuongeza ghorofa bila idhini ya wanaosimamia uhifadhi wake. Kazi ikisimamishwa kwa kukosa kibali, vibarua wanaokaa bure wanalipwa na nani? Kama hamkuandika, utawalipa wewe.

Na mseme nani ana mdomo wa kuagiza. Mwenye nyumba hayupo, msimamizi anasema vigae vipande hadi darini, shemeji wa mwenye nyumba anataka zidaka nyingine mbili chumbani. Mwisho mlipaji anasema hakuagiza. Hakuna kazi ya nyongeza bila ujumbe kutoka kwa yule anayelipa, wenye bei ndani yake. Akiagiza kwa simu, ukikata tu muandikie: "Kama tulivyozungumza sasa hivi, vigae vinapanda hadi darini, nyongeza ni KSh 18,000. Naanza kesho asubuhi ukinijibu sawa." Usianze kabla ya hiyo "sawa."

Sasa pesa yenyewe. Tuseme mapatano ni KSh 480,000. Arbuni asilimia 30, yaani 144,000, inanunua vifaa vya mwanzo. Asilimia 30 nyingine plasta ya kwanza ikimalizika, 30 tena kazi ikikamilika na kukaguliwa. Asilimia 10, KSh 48,000, mwenye nyumba abaki nayo hadi masika yapite. Mafundi wengi huichukia hiyo kumi, lakini ni ya haki: dari na ukuta wa nyumba ya mawe havijapimwa mpaka mvua ivinyeshee, na mteja mwenye kumi mkononi hana sababu ya kung'ang'ania tisini. Kitu cha kulinda ni kingine: pesa uliyokwisha tumia kazini isiizidi uliyopokea kwa zaidi ya mishahara ya wiki moja. Waashi wawili kwa 1,500 na watu wa mkono wawili kwa 800, tuseme, ni 4,600 kwa siku, 27,600 kwa siku sita. Hiyo ndiyo hasara unayoweza kubeba. Hatua ya pili ikichelewa kulipwa wiki nzima, simamisha kazi kwa ujumbe wa adabu, funika mchanga, safisha karai, ondoa vifaa vyako. Wanaopoteza pesa nyingi ni wale wanaoendelea wakidhani kazi ikiisha nzuri mtu ataona haya asilipe.

Vifaa navyo viingie nyumbani kidogo kidogo. Kilicho ghalani kwako ni chako, kilichokwisha pachikwa ukutani ni sehemu ya nyumba yake.

Choo na bafu vina ushahidi wake. Kabla vigae havijapigwa, ziba tundu la kutolea maji, jaza maji kimo cha sentimita 5 sakafuni, weka alama ya penseli ukutani penye usawa wa maji, acha saa 24. Shuka chini ukaangalie boriti. Alama ikiwa pale pale na boriti kavu, mwenyewe au msimamizi atie sahihi. Tanki na mabomba hivyo hivyo: jaza, funga mifereji yote, weka alama, angalia kesho yake. Vigae vikishapigwa bila jaribio hilo, kila doa la maji darini kwa miaka miwili litaletwa mlangoni kwako, na huna cha kujitetea.

Kisha ukaguzi wa mwisho, ambao ndio wenye kuokoa pesa kuliko barua zote. Nendeni wawili, asubuhi, wakati jua linaingia kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, na kasoro zinaonekana. Mpe mwenye nyumba chaki mkononi mwake. Kila asichokipenda akitie duara na namba: 1, ufa juu ya mlango, 2, kigae kinalia kitupu ukikigonga, 3, niru (chokaa laini ya kumalizia) imekwaruzwa karibu na daka. Wewe unaandika namba ile ile daftarini, pamoja na neno moja: narekebisha, au sikubali. Usibishane ukiwa ukutani. Mkifika chumba cha mwisho muulize, "Kuna kingine?" Akisema hakuna, piga mstari chini ya orodha na mtie sahihi wote wawili. Orodha ya kasoro sita ni siku mbili za kazi. Mtu aliyeshika chaki mwenyewe na kupiga mstari hana tena pa kuanzia lawama ya saba, na akianza, kila atakayesikia kesi ataona.

Kukiwa na kimoja mnachobishania, kitenge. Ubishi wa vigae vya choo hauzuii pesa ya plasta. Mwambie alipe lisilobishaniwa leo, na kwa lile lililobaki muite mwashi mzee mnayemheshimu wote wawili, apime, ujira wake mchangie nusu kwa nusu, na mkubali mapema kuwa neno lake ndilo.

Kama hata hivyo pesa haitoki, andika. Maneno machache, bila matusi, namba zote ndani:

"Assalamu alaykum Mzee wangu. Kazi ya nyumba yako tuliikagua pamoja tarehe 3, na kasoro sita ulizoziona zilirekebishwa kufikia tarehe 9. Mapatano ni KSh 480,000. Umelipa KSh 288,000. Sasa inadaiwa hatua ya tatu, KSh 144,000. Zile 48,000 zitangoja masika kama tulivyoandikiana. Naomba nilipwe ifikapo tarehe 24. Kama kuna sehemu huikubali, niandikie ni ipi na ni kiasi gani, na iliyobaki uilipe. Tarehe hiyo ikipita bila jibu nitapeleka madai mahakamani."

Mpe siku kumi na nne. Katikati ya siku hizo wazee watumike: mzee wa mtaa, imamu, mtu wa ukoo wake anayesikilizwa. Kaeni barazani baada ya Alasiri, si mbele ya watu wa msikiti wote. Mtu akifedheheshwa hadharani hulinda uso wake kabla ya kulinda ahadi yake. Mkifikia makubaliano yaandikwe, awamu kwa awamu na tarehe zake.

Watu wa Lamu huuliza kama jambo hili linakwenda kwa kadhi. Kadhi anaweza kuwapatanisha kama mzee mwingine yeyote, lakini mahakama yake kwa Katiba ya Kenya inahusu hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu. Deni la kazi si lake. Polisi nao si watoza madeni. Kutolipa fundi ni daawa, kesi ya madai, si jinai. Pa kwenda ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inapokea madai ya hadi KSh 1,000,000, ikiwemo mapatano ya huduma na vifaa, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Uliza rejista ya mahakama iliyo karibu nawe kituo kipi kinapokea. Nenda na mapatano, daftari la vipimo, picha zenye tarehe, taarifa ya M-Pesa, jumbe zilizochapishwa zikiwa kamili bila kuruka mstari, na orodha ya ukaguzi. Deni likizidi milioni, usilikate vipande viwili ili liingie. Linakwenda kwa hakimu wa kawaida. Na kama unajiita kontrakta, hakikisha umesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, maana hilo ndilo jambo la kwanza upande wa pili utalitafuta.

Mwenye nyumba akiwa ni wa ng'ambo, mambo yote haya yaharakishwe kabla hajapanda ndege. Wengi huondoka masika yanapokaribia. Kumfikishia hati za kesi mtu aliyeko nchi nyingine ni safari ndefu na ya gharama, hivyo hatua ya tatu ya malipo iwekwe wiki mbili kabla ya tarehe yake ya kuondoka.

Yako mambo ambayo hasira huyapendekeza nayo humharibia fundi haki yake. Usirudi usiku kung'oa mlango au tanki ulilopachika. Utaingia wewe kortini kwa wizi au uharibifu, na deni lako litasahauliwa. Usizuie funguo za nyumba. Usimtaje jina mtandaoni kuwa ni tapeli. Na usiwazuilie vibarua ujira wao kwa kuwa wewe hujalipwa: kibarua wa kutwa, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, hulipwa siku ikiisha. Yeye hakupatana na mwenye nyumba, alipatana nawe, na nyumbani kwake kuna chungu kinangoja.

Akianza kulipa kidogo kidogo, pokea, lakini angalia maneno. Wako wanaotuma 60,000 na ujumbe "tumemalizana." Ukinyamaza, kimya chako kitasomwa kuwa umekubali. Mara M-Pesa ikiingia, jibu: "Nimepokea KSh 60,000, sehemu ya deni. Salio la hatua ya tatu ni KSh 84,000, mbali na zile 48,000 za baada ya masika." Risiti nayo iandikwe hivyo hivyo, atie sahihi. Deni la mapatano lina miaka 6 ya kudaiwa mahakamani, na malipo ya sehemu, au kukiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake, huanzisha hesabu ya miaka hiyo upya. Hata akileta 5,000, iandikie risiti.